Livingstone alivyoteremka Mikindani na maumivu yake

MACHI 24, mwaka 1866, meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Penguin iliingia katika ghuba ya Mikindani ikifuatana na jahazi lililosheheni wanyama: ngamia sita, nyati wa kufugwa walioletwa kutoka India, baghala na punda. Siku mbili kabla, msafara huo ulikuwa umejaribu kushuka kwenye mdomo wa Mto Ruvuma, lakini mikoko na matope vilikataa kuwapisha ngamia.

Aliyeteremka kuongoza msafara huo alikuwa Mskoti mmoja aliyetimiza umri wa miaka 53 siku tano zilizotangulia. Jina lake ni David Livingstone, na kwa mzaliwa wa pwani ya kusini halihitaji utangulizi. Mikindani, mji mkongwe ulio kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, bado unaonyesha wageni nyumba yenye kibao kinachomkumbuka.

Historia imemwandika Livingstone kama mmisionari, mpelelezi wa mito na maziwa, na mpinzani wa biashara ya watumwa. Wapo pia wanaomtazama kama mtu aliyewafungulia wakoloni njia. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake unaosahaulika kwa urahisi. Alikuwa daktari wa tiba, na alikuwa mgonjwa wa maumivu sugu kwa karibu miaka 30.

Aidha, tukio moja la ujana wake limeingia katika vitabu vya wanasayansi wanaochunguza maumivu, afyuni na uraibu. Ukiyafuatilia maisha yake kwa jicho hilo, utaona kwamba afyuni ilimgeuzia njia akiwa kijana, na mwili wake ukaja kuwa mfano wa mambo ambayo sayansi ilichukua zaidi ya miaka 100 kuyaeleza.

Vita ya afyuni yamleta Afrika

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland. Familia yake ilikuwa ya kimaskini, na akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Alisoma usiku baada ya kazi, na mwaka 1836 akajiunga na chuo mjini Glasgow kujifunza udaktari. Novemba 1840 alipata leseni ya kutibu na kupasua.

Ndoto yake ya kwanza haikuwa Afrika. Alitaka kwenda China akiwa daktari mmisionari, na Jumuiya ya Wamisionari ya London ilikwishamkubali. Mwaka 1839 ikazuka vita kati ya Uingereza na China. Chanzo chake kikubwa kilikuwa afyuni, ile inayoitwa pia kasumba, ambayo wafanyabiashara wa Kiingereza waliilangua kutoka India na kuiingiza China kinyume cha sheria za nchi hiyo. Maofisa wa China walipokamata shehena na kuiteketeza, Uingereza ilituma manowari.

Vita hiyo, iliyodumu hadi mwaka 1842, ilifunga mlango wa China kwa kijana yule. Wakati akisubiri, alikutana na mmisionari mzee, Robert Moffat, aliyekuwa amerejea kutoka kusini mwa Afrika, na mazungumzo yao yakambadilisha. Desemba 1840 alipanda meli kwenda Rasi ya Tumaini Jema.

Afyuni iliyosababisha vita ile ndiyo pia iliyokuwa tegemeo la madaktari wa zama hizo. Utomvu wa mpopi ulikuwa umetumika kutuliza maumivu kwa maelfu ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia kijana wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kutenga kiini chake chenye nguvu, akakipa jina la mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale, ndiyo mofini. Madaktari wa Uingereza walitumia zaidi laudanamu, yaani afyuni iliyoyeyushwa katika kilevi, kwa maumivu, kikohozi na kuhara. Ilikuwa dawa ya kawaida hata majumbani, na wengi waliizoea hadi wakashindwa kuishi bila hiyo.

Simba wa Mabotsa

Februari 1844, Livingstone akiwa Mabotsa, katika nchi ambayo sasa ni Afrika Kusini, simba walikuwa wakishambulia mifugo ya wenyeji. Alitoka nao kuwasaka, akampiga simba mmoja risasi mbili. Kabla hajamaliza kushindilia bunduki tena, simba yule alimrukia, akamkamata mkono wa kushoto karibu na bega na kumtikisa kama paka atikisavyo panya.

Msaidizi wake, Mebalwe, alijaribu kufyatua risasi ili kumwokoa. Simba akamwacha daktari na kumng'ata Mebalwe pajani, kisha akamrukia mtu mwingine aliyekuja na mkuki, na hatimaye akaanguka na kufa kwa majeraha ya risasi za mwanzo. Mfupa wa mkono wa Livingstone ulikuwa umevunjika vipande, na meno ya simba yalikuwa yameacha matundu 11.

Lililowashangaza wasomaji wa kitabu alichochapisha mwaka 1857 ni maelezo yake ya kile alichohisi, au tuseme alichokosa kuhisi. Alieleza kuwa baada ya kutikiswa mara ya kwanza aliingia katika hali ya kama kuota. Alijua vyema kila kilichokuwa kikitendeka, lakini hakusikia maumivu wala hofu. Aliifananisha hali hiyo na ya mgonjwa aliyepewa klorofomu kidogo, anayeona upasuaji ukiendelea bila kuhisi kisu. Mwenyewe aliamini kwamba ni rehema ya Muumba kwa viumbe vinavyouawa na wanyama wakali.

Hata hivyo, rehema hiyo ilikuwa ya dakika chache. Maumivu yalifuata baadaye, na yalikaa. Mfupa uliunga vibaya na kuacha mahali palipocheza kama kiungo cha pili. Hakuweza tena kuuinua mkono ule vizuri, ikambidi ajifunze kulenga bunduki kwa bega la kushoto.

Mwili uliochakaa

Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa Moffat. Safari zilizofuata ndizo zilizompa umaarufu: Ziwa Ngami mwaka 1849, Mto Zambezi mwaka 1851, kisha kuvuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane kati ya mwaka 1854 na 1856. Alifika Luanda mwaka 1854 akiwa hoi kwa homa na kuhara damu, na akauguzwa huko kwa miezi kadhaa.

Njiani alijitibu mwenyewe. Vidonge alivyovitengeneza dhidi ya homa vilichanganya kwinini na dawa kali za kuharisha, ikiwamo kalomeli, ambayo ni mchanganyiko wa zebaki. Kwinini ilikuwa sahihi, na alikuwa miongoni mwa wasafiri wa mwanzo kusisitiza itumike mapema na kwa kipimo cha kutosha. Lakini kuharisha kwa nguvu hakukuwa rafiki wa utumbo uliokwisha kuchubuka.

Bado alibaki na jicho la mtafiti. Mwaka 1858 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha barua yake kuhusu matumizi ya aseniki kwa farasi aliyeumwa na mbung'o. Nyati na ngamia aliowashusha Mikindani nao walikuwa sehemu ya jaribio: alitaka kujua kama wanyama hao wangehimili mbung'o wa bonde la Ruvuma.

Msafara wake wa Zambezi, kuanzia mwaka 1858 hadi 1864, ulimalizika kwa majonzi. Mary alifariki dunia kwa homa huko Shupanga Aprili 1862. Livingstone aliporudi Uingereza mwaka 1864, bawasiri ilikuwa ikimsumbua na kumtoa damu. Alishauriwa kufanyiwa upasuaji, akakataa. Uamuzi huo ulikuja kumgharimu.

Sanduku lililopotea

Mtu aliyeteremka Mikindani alikuwa, kwa hiyo, na mkono uliovunjika, utumbo uliochoka na ugonjwa wa kutokwa damu uliokwepa tiba. Msafara wake ulikuwa na watu 36: askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Nzwani, vijana tisa waliosomeshwa Nasik huko India, wawili kutoka Shupanga na Wayao wawili. Kati yao walikuwamo Abdallah Susi na James Chuma, ambao majina yao yangekuja kuandikwa pamoja na lake. Alipanga nyumba, akapumzisha wanyama, na mwanzoni mwa Aprili akaondoka kuifuata Ruvuma kuelekea magharibi.

Mambo yaliharibika mapema. Wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa mbung'o na kwa kuteswa na waliowachunga, hata jaribio lake likakosa jibu la wazi. Askari wa Kihindi walirudishwa. Watu wa Nzwani walitoroka kabla mwaka haujaisha, wakafika Zanzibar na habari ya uongo kwamba daktari ameuawa.

Pigo kubwa lilikuja Januari 20, 1867, katika eneo ambalo sasa ni kaskazini mwa Zambia. Wapagazi wawili walitoroka na mizigo, na katika vitu vilivyokwenda nao lilikuwamo sanduku la dawa. Msako haukuzaa kitu, kwa kuwa mvua ilifuta nyayo. Livingstone aliona kwamba amepokea hukumu ya kifo. Aliandika barua kuomba dawa nyingine zipelekwe Ujiji, akaendelea na safari.

Kuanzia hapo habari zake ni za daktari asiye na dawa. Meno yalipomsumbua, yaling'olewa kwa kufungwa uzi imara na kuvutwa. Mwanzoni mwa mwaka 1869 alishikwa na homa ya mapafu, akatema damu na kupoteza hesabu ya siku. Aliyemwokoa alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu, Mohamed bin Gharib, aliyempa dawa zake na kuamuru abebwe kwenye kitanda hadi Ziwa Tanganyika. Mpinzani wa biashara ya watumwa akawa amenusurika kwa huruma ya mtu aliyeishi kwa biashara hiyo.

Alifika Ujiji Machi 14, 1869. Shehena aliyoitarajia ilikuwa imeibwa kwa sehemu kubwa, na dawa zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita tangu sanduku lipotee. Mwaka uliofuata, akiwa Bambarre, magharibi ya ziwa, vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi. Kila alipokanyaga chini vilitoa usaha na damu, na usiku maumivu yalimnyima usingizi. Kilichomsaidia kidogo kilikuwa unga wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, uliosagwa na maji na kupakwa kwa unyoya.

Mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871 na kumletea chakula, dawa na habari za dunia. Nguvu zikarejea. Stanley alimsihi warudi Ulaya, lakini alikataa, na Agosti 1872 akaondoka Unyanyembe kwenda kusini kutafuta chanzo cha Mto Nile, mahali ambapo sasa tunajua hakipo.

Usiku wa Chitambo

Miezi ya mwisho aliipitisha katika mvua na vinamasi vya Bangweulu. Kufikia Aprili 1873 alikuwa akitokwa na damu nyingi, na hakuweza tena kutembea. Susi, Chuma na wenzao walimtengenezea machela. Kila hatua ya wapagazi ilimtonesha, na mara kwa mara aliwaomba wasimame na kumweka chini.

Walimfikisha kijiji cha Chitambo mwishoni mwa mwezi huo. Usiku wa Aprili 30 alimwita Susi, akaomba sanduku la dawa na mshumaa. Macho yake hayakuona vizuri, lakini alitafuta hadi akaipata kalomeli, akaomba iwekwe karibu pamoja na kikombe cha maji. Alfajiri ya Mei 1 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Waliofanya uchunguzi wa kwanza wa maiti yake walikuwa watu wake. Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Zanzibar, ndiye aliyeongoza kuufungua mwili ili ukaushwe, na ndani yake walikuta bonge kubwa la damu iliyoganda. Moyo ulizikwa pale Chitambo. Mwili ukapakwa chumvi, ukakaushwa kwa jua, ukafungwa kama mzigo wa kawaida ili usizuiwe njiani, na kubebwa zaidi ya kilomita 1,600 hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani kwa maradhi.

Huko London palihitajika uhakika kwamba maiti ile ni yake. Daktari bingwa wa upasuaji, Sir William Fergusson, aliupapasa mkono wa kushoto na kukuta mfupa uliovunjika, ulioungana vibaya. Mfupa ule wa Mabotsa ukawa cheti chake cha utambulisho. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Afyuni ndani ya mwili

Swali la Mabotsa lilibaki: kwa nini mtu asihisi maumivu akiwa katika taya za simba? Kwa muda mrefu wengi waliliona kama kioja cha msafiri. Kisha vita vikatoa ushahidi zaidi. Mwaka 1944, daktari wa Jeshi la Marekani, Henry Beecher, alipowahoji askari waliojeruhiwa vibaya katika mapigano ya Anzio, Italia, aligundua kuwa takriban robo tatu hawakuhitaji dawa ya maumivu, ingawa walikuwa na fahamu zao timamu. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, na ubongo unaweza kulifungua au kulifunga kwa maumivu yanayopanda.

Jibu lililobadilisha mambo lilikuja mwaka 1973, miaka 100 baada ya kifo cha Chitambo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder, walionyesha kuwa seli za ubongo zina vipokezi ambamo mofini huingia kama ufunguo katika kufuli. Watafiti wengine wa New York na Uppsala, Sweden, walipata matokeo yanayofanana mwaka huohuo. Swali likawa: mwili wa binadamu uliumbiwaje kufuli la utomvu wa ua?

Miaka miwili baadaye John Hughes na Hans Kosterlitz, katika Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Scotland, nchi ya Livingstone, walipata ufunguo wa asili. Kutoka katika ubongo wa nguruwe walitenga kemikali walizoziita enkefalini. Nyingine za aina hiyo zikapatikana na kuitwa endofini. Kwa maneno mengine, mwili hujitengenezea afyuni yake.

Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa mnyama akikabiliwa na hatari kubwa, maumivu hupungua, na kwamba mara nyingi dawa inayoziba vipokezi vya mofini hupunguza kinga hiyo. Si kemikali hizo pekee zinazofanya kazi, lakini zina mchango mkubwa. Maelezo ya Livingstone yamekuwa mfano unaotajwa mara kwa mara katika maandishi ya somo hilo, kwa kuwa aliyetoa ushahidi alikuwa daktari, na alijichunguza akiwa katika hali ambayo hakuna maabara ingeruhusiwa kuitengeneza.

Maumivu sugu ni habari nyingine. Wataalamu huyaita hivyo maumivu yanayoendelea kwa zaidi ya miezi mitatu. Hapo mishipa ya fahamu inaweza kubadilika, ikaongeza sauti ya maumivu hata jeraha linapopona. Afyuni ya mwili, iliyomtosha Livingstone kwa dakika chache chini ya simba, haikumtosha kwa bawasiri, vidonda na utumbo. Kuanzia hapo binadamu anahitaji dawa, tiba ya chanzo cha ugonjwa, na watu wa kumuuguza. Yeye alipata hao wa mwisho.

Ukame hapa, gharika kule

Mwaka uleule Livingstone alipozikwa, mkemia Alder Wright wa London alichemsha mofini pamoja na kemikali nyingine na kupata kitu kipya. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kukiuza kama dawa ya kikohozi kwa jina la Heroin, na wakati huo iliaminika kuwa haimteki mtumiaji. Imani hiyo ilikuwa kosa kubwa.

Uraibu una maelezo yake. Vipokezi vinapomiminiwa dawa kila siku, mwili huzoea na kudai kiasi kikubwa zaidi. Huo ndio usugu. Dawa ikikatwa ghafla, mtu hutetemeka, huharisha, mifupa humuuma na usingizi humkimbia. Wakati huohuo sehemu ya ubongo inayohusika na raha na kujifunza huweka dawa mbele ya chakula, kazi na familia. Ndiyo sababu madaktari huuita uraibu ugonjwa, na kumkaripia mgonjwa hakumponyi.

Dunia imefanya makosa mawili yanayopingana. Marekani, kuanzia miaka ya 1990, dawa za jamii ya mofini ziligawiwa kwa maumivu sugu bila tahadhari ya kutosha. Mwaka 2007 kampuni mshirika ya Purdue Pharma, watengenezaji wa OxyContin, ilikiri mahakamani kwamba hatari ya uraibu ilielezwa kwa njia ya kupotosha. Mamia ya maelfu ya watu wamekufa kwa kuzidisha dawa za jamii hiyo, za hospitali na za mitaani.

Afrika tatizo ni ukame. Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Mgonjwa wa saratani kijijini anaweza kufa kama alivyokufa Livingstone, akipapasa sandukuni dawa ambayo si ya maumivu yake.

Mifano ya kuvunja hali hiyo ipo jirani. Uganda, kupitia hospitali ya wagonjwa mahututi iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kuwa mofini ya maji inaweza kutayarishwa kwa unga na maji kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa kitovu cha huduma ya aina hiyo.

Wakati dawa halali ikichelewa kufika vijijini, ile haramu imejua njia ya baharini. Tangu miaka ya 1980 heroini, ambayo vijana huiita unga, imekuwa ikifika Afrika Mashariki. Shehena kutoka Afghanistan hupita pwani ya Makran na kuletwa na majahazi kusini, hadi fukwe za kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya muuguzi. Huingia katika vipokezi vilevile vya heroini, lakini taratibu, ikamwondolea mgonjwa arosto na kumpa nafasi ya kurudi kazini na nyumbani. Huduma hiyo imekwisha kuenea katika mikoa mingine.

Livingstone hakuwahi kusikia habari za vipokezi wala endofini. Alichojua, na alichokiandika akiwa mgonjwa bila dawa, ni kwamba sanduku likipotea, elimu yote ya daktari hubaki kichwani mwake na haimtulizi mtu. Sayansi imekwisha kueleza utomvu wa mpopi unavyofanya kazi, faida yake na hatari yake. Kilichobaki ni kazi ya serikali, hospitali na jamii: dawa hiyo imfikie anayeumwa kwa kipimo na uangalizi, na aliyekwisha kutekwa nayo apokewe hospitalini kama mgonjwa mwingine yeyote.